Mteja Akiuliza "Ina Foji?", Usikimbilie Kujibu Ndiyo

Wauzaji wenzangu, leo tuongelee vifupisho. Mdomoni vinageuka kabisa, na ukiuza simu kama mimi hapa Sengerema vinaweza kukulia nauli.

Sikiliza watu wanavyosema. TRA ni "ti-ara-ei", SMS ni "esemesi". Lakini NIDA, VETA na TANESCO tunazitamka kama neno la kawaida, hata TIN mtaani ni "tini". Hakuna aliyetufundisha, ulimi unafuata penye urahisi (SACCOS ndiyo imeshakuwa "sakosi" moja kwa moja).

Shida iko hapa. 4G wengi wanaita "foji". 4GB wanaita "fojibi". Kwenye voisi ya WhatsApp yenye upepo wa ziwa, hiyo "bi" haisikiki. Na ni vitu viwili tofauti: 4G ni aina ya mtandao, 4GB ni ukubwa, mara nyingi wa ramu. Kuna simu za 4G zenye ramu ya 2GB tu.

Juzi mteja wa Kome kaniuliza, "ina foji?" Nikamwandikia: "Bosi wangu, mtandao au ramu?" Kumbe alitaka ramu. Ile niliyokuwa nayo mkononi ingeenda na kurudi, nauli juu yangu.

Kwenye posti zangu naandika hivi: "Mtandao 4G. Ramu 4GB. Memori ya ndani 64GB (jibi 64)." Hiyo ya mabano wengine wanaicheka, ila ndivyo wateja wanavyotamka. Na bei weka hapo hapo, mambo ya "njoo diemu" yanachosha watu.