Je, Wajua? Washauri wa Ndoa Waliobisha Hodi Migori

Katika Kaunti za Migori na Homa Bay, ambako maambukizi ya VVU ni miongoni mwa ya juu zaidi nchini Kenya, hofu ya kuachwa au kupigwa huweza kumfanya mjamzito amfiche mumewe majibu ya kipimo. Kwa sababu hiyo, mradi wa Jamii Bora, uliowahusisha watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kitabibu ya Kenya (KEMRI), ulipeleka nyumbani kwa wanandoa wa Migori ushauri nasaha, yaani mazungumzo yanayoongozwa na mtu aliyefunzwa asiyeegemea upande wowote: wawili hao walijifunza kwanza kusikilizana, kisha, waliporidhia, wakapimwa pamoja.