Maji Yaliyopumzisha Mikono: Vinu vya Shushtar

Katika Bukhari na Muslim imepokewa kuwa Bibi Fatma (R.A.) alikwenda kwa babake, Mtume (S.A.W.), kushitakia mikono iliyoumizwa na jiwe la kusagia, naye akamfundisha tasbihi za kusoma wakati wa kulala. Kazi hiyo nzito ya akina mama, huko Shushtar, kusini-magharibi mwa Iran, ilibebwa na maji.

Mfereji wa Gargar, uliochepuliwa kutoka mto Karun, asili yake yahisabiwa kufika karne ya 5 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.). Maji hupita katika mahandaki yaliyochongwa mwambani, yakashuka kwa kishindo na kupiga gurudumu. Gurudumu likazungusha jiwe la juu, la chini limetulia. Unga hutoka na kiganja hakikuchubuka. Ni nani katika nyanya zetu asingeyatamani hayo?

Mwaka 2009 UNESCO iliuingiza mfumo huu katika Urithi wa Dunia. Lakini kuta si shida kubwa, kwani mafundi wapo. Mto Karun wenyewe umepungua kwa mabwawa na ukame, na maji ya Gargar yatakiwa pia na mashamba na bustani za Mianab, hekta 40,000.