Vidole Viwili au Kumi? Afya ya Shingo na Mikono ya Mpiga Chapa

Mwezi huu tunazungumzia kazi ambayo wengi hawaihesabu kuwa kazi nzito, nayo ni kupiga chapa. Aliyetoka shambani na jembe begani humtazama mchapaji aliyeketi kivulini mbele ya kompyuta, akasema, "Huyu amestarehe." Kumbe mchapaji naye huumia, na wapo wanaofikia kuacha kazi kwa maumivu ya shingo na mikono.

Ukifika Mabamba, Kibondo mjini au Kasulu, utawakuta watu hao shuleni, katika ofisi za kata na katika maduka ya uchapaji na fotokopi. Mwalimu huleta mtihani ulioandikwa kwa mkono, kijana huleta barua ya kuomba kazi, na kikundi cha kuweka na kukopa huleta katiba yake. Wachapaji wengi wamejifunza wenyewe. Hutumia vidole viwili, wakidonoa vibonye kimoja kimoja kama kuku adonoavyo mtama. Wachache wamesomea uhazili, mathalani katika chuo cha Tabora, ambacho siku hizi ni tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania. Hao hutumia vidole vyote bila kutazama vibonye. Je, tofauti hii inahusu afya? Ndiyo, lakini si kwa sababu ambayo wengi huifikiria.

KASI SI HOJA KUBWA

Wengi hudhani faida ya vidole kumi ni kasi tu. Sifa hiyo ilivuma tangu tarehe 25 Julai 1888, pale Frank McGurrin, mwandishi wa hati mkato wa mahakama kutoka Salt Lake City, aliposhinda shindano la kupiga chapa mjini Cincinnati, Marekani, bila kutazama vibonye vya mashine yake. Tangu hapo shule nyingi za uhazili zilifundisha njia hiyo.

Lakini mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aalto, nchini Finland, waliwapima watu 30 na kuona kwamba baadhi ya waliojifunza wenyewe, wakitumia vidole vichache, walikuwa na kasi sawa na waliofundishwa. Kilichowasaidia ni kwamba kila herufi waliipiga kwa kidole kilekile siku zote, na mikono yao haikuhangaika huku na huko. Tofauti iliyobaki ilikuwa ya macho: waliojifunza wenyewe walitazama vibonye muda mrefu zaidi.

SHINGO HUFUATA MACHO

Watu wale wa Finland walinakili sentensi zilizokuwa kwenye skrini mbele yao. Mchapaji wetu hunakili karatasi iliyolala mezani. Basi anayetumia vidole viwili ana mahali patatu pa kutazama: karatasi, vibonye na skrini. Kwa kila maneno machache kichwa huinama, hugeuka na kuinuka. Mitihani ya darasa zima ikimaliziwa siku moja, shingo imezunguka mara nyingi mno.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi, sawa na dumu la maji la lita 5. Libebe dumu hilo ukiwa umelikumbatia kifuani, utaona ni jepesi. Sasa unyooshe mkono na kulishika mbele yako. Maji ni yaleyale, lakini baada ya dakika chache bega linawaka. Ndivyo ilivyo kwa kichwa. Kikikaa sawa juu ya mabega, mifupa hukibeba. Kikiinama mbele, misuli ya shingo na mgongo hukivuta saa zote.

Mtazame fundi cherehani. Miguu yake inakanyaga pedali, lakini macho yako kwenye kitambaa. Angelazimika kutazama miguu, nguo isingeshonwa na shingo ingevunjika. Mchapaji wa vidole kumi hufanya vivyo hivyo: macho kwenye karatasi, vidole vikijua njia yao. Hata mhudumu wa afya anayeingiza taarifa za mgonjwa kwenye kompyuta hufaidika, kwani anaweza kumtazama mgonjwa usoni badala ya kutafuta herufi.

MIKONO NAYO

Vidole viwili vikifanya kazi ya kumi, kano zake huchoka mapema, hasa kwa wale wanaopiga vibonye kwa nguvu kama wapigao misumari. Hata hivyo, vidole kumi si kinga kamili. Anayekunja viganja kwenda juu au kuviegemeza kwenye ukingo wa meza ataumia vilevile.

Wapo wanaopata ganzi kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku. Hiyo mara nyingi ni dalili ya kubanwa kwa mshipa wa fahamu unaopita pale kiganja kinapoungana na mkono. Wataalamu hawajathibitisha kwamba kompyuta peke yake ndiyo chanzo kikubwa. Mimba, kisukari na upungufu wa homoni za tezi ya shingo huchangia pia. Kwa hiyo usilaumu kibodi kabla hujapimwa.

KUJIFUNZA KWA KISWAHILI

Kibodi yetu ilipangwa Marekani katika miaka ya 1870 kwa ajili ya Kiingereza. Lakini lugha yetu ina bahati. Herufi a, tuitumiayo kupita zote, iko kwenye mstari wa kati ambapo vidole hupumzika. Weka vidole vinne vya kushoto juu ya A, S, D na F. Vya kulia viwe juu ya J, K, L na kibonye kinachofuata. F na J zina kijinundu ili uzitambue bila kutazama. Siku ya kwanza tu unaweza kuandika kaka, dada, sala, hasa, shaka na ladha bila kutoka mstari huo, ukiongeza kidole cha shahada kwa H na G.

Tahadhari moja: a hupigwa kwa kidole kidogo cha kushoto, ambacho ni dhaifu. Neno "wanafanana" lina herufi 10, na 5 kati yake ni a. Anza polepole na uguse kwa wepesi. Robo saa kila siku yatosha. Mwanzoni utakuwa mzito kuliko ulivyokuwa na vidole viwili, usikate tamaa.

Anayeandika barua moja kwa mwezi hana haja ya kujisumbua. Ushauri huu ni kwa anayekula kwa kazi hiyo.

MAMBO YA KUFANYA LEO

1. Simamisha karatasi unayonakili kando ya skrini, kwa kuiegemeza kwenye kibao au kitabu. Hili humsaidia hata mwenye vidole viwili.

2. Inua skrini iwe usawa wa macho, umbali wa mkono ulionyooshwa. Kompyuta mpakato iwekwe juu ya vitabu, na itumike na kibodi ya pembeni ikiwapo.

3. Kiti kikiwa kifupi, weka khanga iliyokunjwa. Miguu ikining'inia, weka tofali chini yake. Viwiko vya mikono vikae karibu na mbavu.

4. Kila baada ya dakika 20, tazama mbali kwa sekunde 20, yaani mita 6 au zaidi. Kila saa simama, tembea, nyoosha mabega.

5. Ukipita miaka 40 na herufi zikaanza kufifia, pima macho. Wengi huinamia vibonye kwa sababu ya macho, si mazoea.

Maumivu yakizidi wiki mbili, ganzi ikikuamsha usiku, au vitu vikikuponyoka mkononi, nenda kituo cha afya. Usikubali kuvunjwa shingo kinyozini. Wala usinywe diklofenaki kila siku kwa kununua dukani tu. Dawa hiyo inaweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

Nanyi wenye maduka ya uchapaji, wakuu wa shule na wenyeviti, kumbukeni kwamba kibao cha kuegemezea karatasi fundi seremala hukitengeneza kwa fedha kidogo. Mfanyakazi aliyeumia shingo hapatikani kwa bei hiyo. Kinga ni bora kuliko tiba.