Nisikilize Kwanza, Dawa Baadaye

Nina digrii ya mawasiliano, lakini nyumbani kwangu mawasiliano yalikuwa sifuri.

Nilirudi kazini nimechoka, namsimulia mume wangu jinsi bosi alivyonikatiza maneno kikaoni. Hata sijamaliza, akadakia: "Mama Neema, si umwandikie barua?" Nikanuna. Siku tatu tukaishi kwa "chakula tayari" na "asante".

Siku ya nne nikakumbuka jina nililolikariri chuoni kwa ajili ya mtihani tu: Deborah Tannen. Mama huyu, aliyezaliwa Brooklyn, Marekani, mwaka 1945, ni mtaalamu wa lugha aliyejenga jina kwa kusikiliza maongezi ya kawaida kabisa. Mwaka 1978 alirekodi maongezi ya marafiki sita, yeye mwenyewe akiwemo, wakila chakula cha Sikukuu ya Shukrani, kisha akachambua nani kadakia na nani kanyamaza. Mwaka 1979 akapata udaktari na kuanza kufundisha Chuo Kikuu cha Georgetown. Kitabu chake cha 1990, You Just Don't Understand, kilikaa karibu miaka minne kwenye orodha ya vitabu vinavyouzwa sana ya New York Times.

Anasemaje? Kwamba wanawake wengi husimulia tatizo ili kusogeana na mtu, wakati wanaume wengi husikia ombi la ufumbuzi. Wewe unataka pole, mwenzio analeta spana! Wapo wasomi waliompinga, wakisema suala la nani ana nguvu kalipa nafasi ndogo. Hapo nawaunga mkono: bosi wangu alinielewa vizuri sana, na bado alinikatiza.

Lakini mume wangu si bosi wangu. Usiku ule nikamwambia, "Baba Neema, leo sitaki ushauri. Nisikilize tu." Akacheka: "Sasa si ungesema tangu mwanzo!"

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha, taratibu, akaniambia mshahara wake haujatoka miezi miwili, anakopa kwa rafiki zake. Alinificha kwa sababu hakuwa na ufumbuzi wa kuniletea.

Kumbe! Nami nikajikuta nimeshafungua mdomo nimpe ushauri. Nikaufunga. Nikasema, "Pole, mume wangu. Endelea."

Leo usiku, msomaji, mwenzio akianza kusimulia, muulize kwanza: nikusikilize au nikushauri?