Kichaka cha Shule na Kahawa Yako

Ndugu wakulima wa Kamuli, kabla hamjakubaliana kukifyeka kile kichaka cha pembeni mwa shule na kukichoma moto, waacheni watoto wakikague kwanza.

Mwalimu awape kamba ya hatua nane, waizungushe chini, wakae kimya robo saa na kuandika kila kinachotambaa au kuruka. Jiwe wakiliinua walirudishe lilivyokuwa, maana ni paa la nyumba ya jongoo. Shimoni wasitie mkono kabisa. Nyoka naye ana kwake. Chini ya majani makavu wataona vyura na buibui, ambao chakula chao ni wadudu. Kwenye mti wenye matundu huenda wakakuta nyuki. Hao watazamwe kwa mbali.

Na hapo kwenye nyuki, mzazi, tega sikio. Kahawa ya Kagera nyingi ni robusta, na ua la robusta halizai kwa chavua, yaani ule unga wa ua, ya mti wake lenyewe. Lazima itoke mti mwingine, iletwe na upepo au wadudu, nyuki wakiwemo. Maua yenyewe hufunguka siku chache tu baada ya mvua. Sasa nyuki mliyemchoma kiangazi, siku hizo atatoka wapi?

Mkihofia nyoka, fyekeni karibu na madarasa. Upande wa mbali uachwe, na moto usiingie.