Mangaung: Serikali ilipokodisha gereza

Usiku wa Ijumaa Kuu, 7 Aprili 2023, polisi jijini Arusha walimtia mbaroni mtu ambaye kwa karibu mwaka mzima kumbukumbu za gereza lake zilimhesabu marehemu. Jina lake Thabo Bester, raia wa Afrika Kusini, mbakaji na muuaji aliyehukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2012. Alikuwa na mwanamke anayejulikana sana nchini kwao, daktari wa urembo Nandipha Magudumana, pamoja na raia mmoja wa Msumbiji. Wiki haikuisha Bester na Magudumana wakawa wamerudishwa kwao kwa ndege.

Mitandaoni huku kwetu habari ile iligeuka sinema. Watu walijadili mapenzi, nguo na nyumba ya kifahari ya Johannesburg ambamo wawili hao walisemekana kuishi. Swali lililopita bila kuulizwa ni la kawaida kabisa: lile gereza alilotoroka ni la nani?

Linaitwa Mangaung, liko Bloemfontein, na lina nafasi 2,928. Serikali ya Afrika Kusini haikulijenga wala kuliendesha. Mwaka 2000 ilitia saini mikataba miwili na wawekezaji, mmoja wa Mangaung, mwingine wa Kutama Sinthumule kule Limpopo. Wawekezaji wakakopa fedha, wakajenga, wakapewa haki ya kuendesha kwa miaka 25. Mangaung lilipofunguliwa mwaka 2001 funguo za seli zilishikwa na kampuni ya ulinzi ambayo leo tunaifahamu kama G4S.

Usiku wa kuamkia 3 Mei 2022, moto ulizuka katika seli namba 35. Ulipozimwa, palikutwa maiti iliyoungua kiasi cha kutotambulika, na gereza likatangaza kwamba Bester amejiua. Uchunguzi wa maiti ukasema jambo jingine: marehemu alikufa kabla ya moto, kwa kupigwa kichwani. Baadaye vinasaba vikathibitisha kuwa hakuwa Bester. Karatasi hizo zilikuwapo, lakini umma haukuambiwa lolote mpaka chombo kidogo cha habari cha Cape Town, GroundUp, kilipoanza kuandika. Polisi walikiri Machi 2023. Bester, Magudumana na wengine, wakiwamo waliowahi kufanya kazi katika gereza hilo, walifikishwa mahakamani. Wabunge nao waliwaita wakubwa wa kampuni, wakaapishwa, wakahojiwa mbele ya kamera siku nzima.

Mtu atasema: wafungwa hutoroka hata magereza ya serikali. Kweli, hutoroka. Na askari wa serikali hupokea mlungula kama wengine. Kwa hiyo nisiijenge hoja yangu juu ya Bester peke yake. Tuutazame mkataba wenyewe.

Chini ya mkataba wa namna hii, serikali hulipa kwa siku kwa kila nafasi ya mfungwa iliyo tayari kutumika, awepo mtu au asiwepo. Jengo likishasimama na riba ya benki ikishajulikana, gharama kubwa inayobaki mikononi mwa mwekezaji ni askari: idadi yao, mshahara wao, mafunzo yao. Anayetaka faida iongezeke ataanzia hapo, na wala si kwa sababu ana roho mbaya. Biashara ndivyo ilivyo. Mkataba una makato, na sheria ya Afrika Kusini inaweka ofisa wa serikali ndani ya gereza kufuatilia. Ila kwa tukio la usiku, katika seli iliyofungwa, anayejua wa kwanza ni mtumishi wa kampuni ambayo ndiyo itakayokatwa fedha likiripotiwa. Ofisa wa serikali huletewa karatasi asubuhi.

Mwaka 2013 kitu kama hicho kilionekana wazi. Askari wa Mangaung waligoma, kampuni ikafukuza zaidi ya 300 kwa mpigo. Kilichofuata ni visu, watumishi kushikwa mateka, na madai kwamba wafungwa walikuwa wakipigwa shoti za umeme na kuchomwa kwa nguvu sindano za dawa za wagonjwa wa akili. Kampuni ilikana madai hayo. Oktoba mwaka huo Idara ya Magereza iliingia ikashika usukani, ikisema kampuni imeshindwa kulidhibiti gereza. Ungedhani mkataba ungeishia hapo. Agosti 2014 gereza lilirudishwa kwa kampuni ileile, na miaka minane baadaye seli namba 35 ikawaka moto.

Nitakuwa sijatenda haki nisipoutaja upande wa pili, maana una uzito. Magereza ya serikali ya Afrika Kusini yamefurika. Mfungwa wa Mangaung alikuwa na kitanda chake, kwa kuwa mkataba haukuruhusu kuzidisha idadi, wakati mwenzake wa gereza la serikali alilala chini akibanana na wenzake. Ukimuuliza mfungwa mwenyewe siku ya kwanza, huenda angechagua la mwekezaji. Lakini hapo panafichika jambo: nafuu ile haikuletwa na ubinafsishaji. Ililetwa na kikomo cha idadi na fedha za uhakika za kila mwezi. Serikali ingeweza kujiwekea kikomo hicho na kulipa magereza yake fedha hizo. Haikufanya hivyo, na wafungwa wasio na nafasi Mangaung waliendelea kurundikwa kwingine.

Uingereza, ambako mtindo huu ulianza mapema kuliko Afrika, ina hadithi inayofanana. Gereza la Birmingham lilikabidhiwa kwa G4S mwaka 2011. Agosti 2018 wakaguzi walikuta vurugu, dawa za kulevya na uchafu, wafungwa wakitamba na askari wakijificha. Serikali ikalitwaa, na mwaka uliofuata ikalichukua moja kwa moja. Bloemfontein na Birmingham, waliotumwa kuokoa jahazi walikuwa watumishi wa serikali.

Msomaji wa Dar es Salaam atakumbuka jambo letu wenyewe. Agosti 2003 kampuni ya City Water, yenye wanahisa kutoka Uingereza na Ujerumani pamoja na mshirika wa hapa, ilianza kuendesha maji ya jiji kwa mkataba wa miaka 10. Mei 2005 Serikali iliuvunja. Mwekezaji akatupeleka kwenye usuluhishi wa kimataifa, na mwaka 2008 wasuluhishi wakaamua kwamba Tanzania ilikiuka haki zake, lakini haikutakiwa kulipa fidia. Tuliponea chupuchupu. Hata hivyo uamuzi wa kumtoa ulichukua chini ya miaka 2, na sababu naiona: maji yasipotoka Tandale, mama mwenye ndoo tupu atapiga simu redioni asubuhi hiyohiyo, na diwani atasikia. Vivyo hivyo gati. Mkataba wa DP World wa bandari ya Dar es Salaam, uliosainiwa Dodoma Oktoba 2023, umetugawa na utaendelea kutugawa, lakini meli zinahesabika, siku za kungoja nangani zinahesabika, na mwenye mzigo ana mdomo.

Mfungwa hana redio ya kupigia. Hawezi kuhamia kwa mzabuni mwingine, ndugu zake humwona kwa kibali, na anachotendewa usiku hakina risiti. Ndiyo maana siliweki gereza kapu moja na bomba la maji. Hukumu hutolewa kwa jina la Jamhuri. Anayemfungia mtu mlango kwa hukumu hiyo awe mtumishi wa Jamhuri, ambaye waziri wake anaweza kusimamishwa bungeni bila kisingizio cha siri ya kibiashara.

Kwetu magereza yangali mikononi mwa Jeshi la Magereza, na msongamano wa mahabusu ni kilio cha siku nyingi. Siku mbia atakapokuja Dodoma na michoro mizuri ya jengo jipya, wabunge wetu wamrudishe na michoro yake. Kupunguza msongamano hakuhitaji mkopo wala mkataba wa miaka 25. Kunahitaji dhamana kutolewa panapostahili, upelelezi kukamilika kwa wakati, na wenye makosa madogo kutumikia adhabu nje. Sheria ya Bodi za Parole tunayo tangu 1994, na ya Huduma kwa Jamii tangu 2002. Zitumike.