Mali bila daftari: Je, programu ya duka lako huishi wapi?

Ukishuka Kawangware 46 leo, hutembei mbali kabla hujapata duka ambalo daftari lake limehamia kwenye simu. Kibera nako ni vivyo hivyo, kuanzia Makina hadi Laini Saba. Mauzo, stoki, deni la nani na nani, yote yako ndani ya programu.

Hivi majuzi mteja wetu mmoja, mama mwenye duka Kibera, alituuliza swali zito: "Simu yangu iliibiwa. Pesa nimezipata, mbona madeni sijayapata?"

Alirudisha laini, akaweka PIN, salio likawa pale pale. Lakini majina ya waliokopa unga na sukari yalienda na simu.

Jibu ni kwamba programu ya biashara ina sehemu tatu, na kila moja ina makao yake.

1. Msimbo asili

Haya ni maagizo anayoandika mtengenezaji wa programu. Yachukue kama maelezo ya kupika mandazi. Hukaa kwake, kwenye kompyuta au seva zake, wala hayaji kwenye simu yako.

2. Programu iliyo tayari

Msimbo ukishageuzwa kuwa umbo ambalo simu inaweza kuliendesha, unapata faili ya kupakua. Kwenye simu za Android, ndiyo ile APK. Hili sasa ni andazi lenyewe: unalila, lakini kulirudisha liwe unga ni kazi ngumu. Ndiyo maana fundi aliyekuundia programu akipotea na msimbo, kuirekebisha huwa shida kubwa.

3. Kumbukumbu zako

Hapa ndipo mama yetu aliumia. Programu yake iliweka kumbukumbu kwenye simu pekee. Huduma za pesa kwa simu hazifanyi hivyo. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, menyu ilikuwa kwenye laini, lakini hesabu za wateja zilikuwa kwenye seva. Kwa miaka mingi seva hizo zilikuwa Ujerumani, hadi zilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Mtu wa Kibera akiuliza salio, jibu lilitoka ng'ambo! Kwa hivyo simu ikiibiwa, salio lako haliendi nayo.

Ufanye nini leo?

- Muulize aliyekuuzia programu: kumbukumbu zangu ziko kwenye simu tu, au pia kwenye seva?
- Washa nakala rudufu. Kama haipo, hamisha orodha ya madeni kila jioni: jitumie kwa barua pepe, au andika kwenye daftari la karatasi.
- Pakua programu kutoka Play Store. APK ya kutumiwa kwa WhatsApp ni andazi la mpishi usiyemjua.
- Ukimlipa fundi akuundie programu, mkubaliane kwa maandishi, kabla hujalipa, kwamba utapewa nakala ya msimbo.
- PIN usimpe mtu, hata fundi.

Mama yetu alianza upya, akiwauliza majirani mmoja mmoja. Wengine walikumbuka deni. Wengine walisahau, na unajua vile hiyo huenda.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza: daftari likiwa kwenye simu, hakikisha liko na pahali pengine pia.